Nebraska: kocha atimuliwe, halafu?

Nebraska haina timu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Timu ya chuo kikuu ndiyo timu ya jimbo zima, na tiketi za uwanja wake mjini Lincoln zimekuwa zikiisha kila mechi tangu 1962. Watu wengi namna hiyo, na kila mmoja ni kocha.

Dhana: Kocha akiondoka, ushindi utarudi.
Mwaka 2003 kocha Frank Solich alikuwa ameshinda mechi 9 na kupoteza 3. Akafungashiwa virago. Bo Pelini, misimu saba kuanzia 2008, hakuwahi kushinda chini ya mechi 9 kwa msimu. Naye akatimuliwa 2014. Tisa hazitoshi, walisema. Kuanzia 2017 timu ikamaliza misimu saba mfululizo ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi, na mashabiki walewale wakaanza kuzitamani zile tisa.

Dhana: Mwana wa nyumbani hashindwi.
Scott Frost aliongoza mashambulizi ya kikosi cha Nebraska kilichotwaa ubingwa wa 1997. Aliporudi kama kocha, alishinda 16 na kupoteza 31.

Dhana: Kupoteza mechi tisa ni dalili ya timu mbovu.
Msimu wa 2021 Nebraska ilishinda 3, ikapoteza 9, na hakuna kipigo kilichozidi pointi tisa. Ukijumlisha msimu wote, ilifunga pointi nyingi kuliko ilizofungwa! Dhidi ya Michigan State ilikuwa mbele 20-13 dakika za mwisho. Ikabidi wapige mpira mbali. Wachezaji wa Nebraska wakakimbilia upande mmoja, mpira ukaenda upande wa pili, na mpokeaji wa wapinzani akakimbia nao yadi 62 bila kushikwa, zikawa sare. Wakalala 23-20 katika muda wa nyongeza. Hapo umlaumu kocha kwa uamuzi, au kwa mazoezi? Mimi nasema mazoezi, na hilo ni kosa kubwa zaidi.

Dhana: Mjini Dublin, Ireland, Nebraska ilipoteza kwa sababu ya ule mpira mfupi.
Agosti 2022, wakiongoza 28-17 dhidi ya Northwestern, Frost aliagiza mpira wa kuanzisha upigwe karibu ili vijana wake waunyakue kwa kushtukiza. Ukanyakuliwa na wapinzani. Ulikuwa uamuzi wa hovyo, sibishi. Lakini baada ya hapo bado waliongoza kwa pointi 11, na hawakufunga tena hata moja. Matokeo: 31-28. Wiki mbili baadaye alifukuzwa, kwa fidia ya dola milioni 15. Wangesubiri hadi Oktoba 1, ingeshuka kwa nusu.

Dhana: Uamuzi ulioshindikana ulikuwa mbaya.
Januari 1984, Tom Osborne, kocha wa Nebraska wakati huo, alikuwa nyuma ya Miami kwa pointi moja, sekunde zikiyoyoma. Walikuwa wamefunga, na baada ya hapo timu huchagua: teke la pointi moja, au jaribio gumu zaidi la pointi mbili. Teke lingeleta sare, na wengi waliamini sare ingewapa ubingwa. Akataka pointi mbili. Pasi ikaguswa, wakafungwa 31-30. Aliendelea kufundisha palepale. Ubingwa wake wa kwanza ulikuja 1994, msimu wake wa 22.