"Ngoja nipate makaratasi kwanza": dhana zinazowaumiza wahamiaji wenye VVU

Inayoudhi kuliko zote ni hii: "Nikijiandikisha kliniki, uhamiaji watajua. Dawa nitaanza makaratasi yakitoka." Makaratasi huchukua hata miaka, na virusi havisubiri. Ukiwa ulishaanza ARV (dawa za VVU) ukaziacha, kwa wengi vinapanda tena ndani ya wiki 2 hadi 4. Mwenye homa ya ini B akikatiza tenofoviri, moja ya dawa hizo, ghafla, ini linaweza kuharibika vibaya. Na wanaomeza leo wakaruka kesho ili kopo lifike mbali, hao wanatengeneza usugu, yaani virusi visivyosikia dawa, kwa mikono yao. Tafadhali, usifanye hivyo.

Hofu yenyewe ina sababu. Zipo nchi zinazomfukuza mgeni akikutwa na VVU. Hata Marekani iliwazuia kuingia hadi Januari 2010. Lakini England, tangu Oktoba 2012, matibabu ya VVU ni bure hata kwa asiye na kibali. Kwa hiyo usikisie, uliza kabla ya kupima, kwa simu, bila kutaja jina: nani anaona majibu? Yanapelekwa wapi? Asiye na kibali analipia nini? Chama cha watu wanaoishi na VVU mara nyingi kinayajua haya kuliko dirisha la mapokezi.

Anayehamia kliniki nyingine abebe kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi na majina halisi ya dawa (tenofoviri, lamivudini, dolutegraviri), kwani majina ya kibiashara hubadilika kila nchi.

"Shemeji atanitafsiria." Hapana! Mwanamke aliyebakwa njiani hatalisema hilo mbele ya shemeji, wala kijana hatamwambia daktari kupitia mjomba wake kwamba anapenda wanaume. Nje wanabaguliwa kwa rangi na kibali, nyumbani kwa VVU, na daktari anabaki na nusu ya habari. Dai mkalimani wa simu, asiyetajiwa jina lako.

"Wahamiaji ndio wanaoleta virusi." Tafiti za Ulaya zimeonyesha kuwa wengi huambukizwa baada ya kuhama.

"Mwenye VVU asipike wala asilee watoto." VVU haviambukizwi kwa chakula wala kwa kumbeba mtoto. Tena, mwenye virusi chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu, akidumu na dawa, hamwambukizi hata mwenzi wake kwa ngono. Mwajiri akidai cheti cha kipimo cha VVU, mwonyeshe Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010: mfanyakazi asilazimishwe kupima VVU, na wahamiaji wametajwa humo waziwazi.