Uchunguzi wa ajali kazini: maana yake nini hasa?

Fundi kateleza, kavunjika mkono. Msimamizi anajaza fomu: "Chanzo: uzembe wa mfanyakazi. Hatua: amepewa onyo." Faili linafungwa. Huo si uchunguzi. Ni kutafuta wa kumtwika lawama, na sakafu inabaki na utelezi wake ikimngoja mwingine.

Uchunguzi wa ajali kazini ni kufuatilia tukio hatua kwa hatua mpaka ijulikane kwa nini liliwezekana, ili mazingira yaliyolizaa yabadilishwe. Unahusu pia ajali zilizokoswakoswa, kama nyundo inayoanguka kutoka juu na kumpita mtu sikioni. Hizo nazithamini kuliko zote, maana zinafundisha kabla mtu hajaumia, ila sehemu nyingi haziandikwi kwa kuwa hakuna aliyelia.

Kuna sababu ya papo hapo, na kuna chanzo cha msingi. Fundi aliteleza kwa sababu ya mafuta sakafuni. Yalitoka wapi? Mpira unaoyazuia kwenye mashine ulichakaa. Mbona haukubadilishwa? Ukaguzi wa kila mwezi ulisitishwa. Nani aliusitisha, na kwa nini? Hapo ndipo maswali yanapoanza kuuma, na ndipo wengi huacha kuuliza.

Mfano mzito ni Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, lililoteketea usiku wa tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167. Mchana, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo, na mahali pake pakazibwa kwa kifuniko tu. Usiku pampu ya pili ilizima, na watu wa zamu wakaiwasha ile ya kwanza bila kujua kwamba haina valvu. Gesi ikavuja, ikalipuka. Ni rahisi kumlaumu aliyewasha. Lakini uchunguzi ulioongozwa na jaji Cullen ulikwenda mbali zaidi: taarifa hazikukabidhiwa ipasavyo kati ya zamu na zamu, na utaratibu wa vibali vya kazi, yaani karatasi za kuruhusu kazi ya hatari ifanyike, ulikuwa na mianya. Ripoti yake ya 1990 ilitoa mapendekezo 106.

Kwa vitendo, majeruhi huhudumiwa kwanza, kisha eneo linazungushiwa utepe na kupigwa picha kabla halijasafishwa. Mashahidi wahojiwe mapema, mmoja mmoja. "Nieleze ilivyokuwa" humfungua mtu mdomo, "kwa nini ulifanya hivyo?" humfanya ajitetee.

Na mapendekezo yaanze na kuiondoa hatari yenyewe. Kuwakumbusha watu wawe makini ndiyo kinga dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayoandikwa mara nyingi. Kila hatua iwe na mhusika na tarehe, na miezi michache baadaye mtu arudi pale pale aangalie kama sakafu imekauka.