Kufuli kwenye anwani halithibitishi mwenye tovuti

Wengi wanaofungua barua pepe za kazi, iwe ofisi ya utalii jijini Arusha au kwenye WiFi ya mgahawa mjini Moshi, wameshika kanuni moja: ukiona alama ya kufuli au "https" mwanzoni mwa anwani, tovuti ni salama. Kanuni hiyo ilifundishwa kwa nia njema, na nusu yake ni kweli.

Kufuli linaeleza kwamba njia kati ya simu yako na tovuti imefungwa: aliye kwenye WiFi hiyohiyo hawezi kusoma nywila unayoandika. Halisemi nani yuko upande wa pili. Cheti cha kidijitali kinacholeta kufuli hupatikana bure, ndani ya dakika chache, na tapeli hukipata kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliibadilisha alama hiyo kwenye kompyuta kwa sababu ilikuwa ikieleweka vibaya.

Kinachomtambulisha mwenye tovuti ni jina. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya "https://", kisha soma kurudi kushoto. Chukua https://benkiyako.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia. Jicho hukamata "benkiyako.co.tz", lakini mwenye tovuti ni hakiki-akaunti.com; yaliyo kushoto kwake mwenye jina hilo hujiandikia apendavyo. Kwenye anwani halisi ya benki hiyo, mkwaju ungefuata mara tu baada ya .co.tz.

Kwenye simu, bonyeza kiungo bila kuachia hadi anwani nzima itokee. Barua ikidai malipo, usiguse kiungo kabisa: andika mwenyewe anwani unayoijua, au piga namba uliyokuwa nayo kabla barua haijafika.