Serikali kununua bunduki za raia: maana yake nini, na hufanya kazi lini

Kila yanapotokea mauaji ya watu wengi kwa risasi, hasa Marekani, mjadala haukawii kufika kwenye pendekezo hili: serikali izinunue bunduki zilizo mikononi mwa raia, iziteketeze. Anayeliunga mkono hutaja Australia. Anayelipinga naye hutaja Australia, ila kwa takwimu nyingine. Kinachowapotea wote wawili ni kwamba fedha ni sehemu ndogo tu ya mpango wenyewe. Kazi kubwa hufanywa na sheria iliyo nyuma ya fedha hizo.

Mpango wa namna hii ni utaratibu ambao serikali hutangaza muda maalumu, mwenye silaha akaileta, akalipwa, na silaha ikaharibiwa. Lakini kuna mipango ya aina mbili inayoitwa jina moja na ambayo haifanani hata kidogo. Ya kwanza ni ya lazima: sheria imeshaharamisha aina fulani ya bunduki, na malipo ni fidia kwa mali ambayo mtu aliinunua kihalali. Muda ukiisha, aliyebaki nayo anashtakiwa. Ya pili ni ya hiari: hakuna kilichoharamishwa, anayetaka alete, asiyetaka akae na yake, na aliyeuza leo hakatazwi kesho kwenda dukani kununua nyingine.

Australia ilifanya ile ya kwanza. Tarehe 28 Aprili 1996 mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, Tasmania, kwenye magofu ya gereza la kale yanayotembelewa na watalii. John Howard alikuwa hajamaliza hata miezi miwili akiwa Waziri Mkuu, tena kwa muungano wa vyama vya mrengo wa kulia uliotegemea sana kura za wakulima, yaani watu wenye bunduki majumbani. Siku 12 baadaye serikali kuu na za majimbo zilikuwa zimeshakubaliana. Bunduki za nusu-otomatiki, zile zinazojikoki zenyewe kila ukifyatua, pamoja na bunduki za marisawa za kukoki kwa kuvuta, zikapigwa marufuku kwa raia wengi. Kila bunduki iliyobaki isajiliwe. Mnunuzi asubiri siku 28. Mwombaji leseni aeleze anaitakia nini, na kusema "najilinda" hakukuhesabiwa kuwa sababu.

Mwezi Juni mwaka huohuo Howard alikwenda mji wa Sale, jimbo la Victoria, kuhutubia wenye bunduki waliojaa hasira. Chini ya koti alivaa fulana ya kuzuia risasi, na picha zikaionyesha imetuna. Baadaye alisema alijuta kuivaa. Naitaja picha hiyo kwa sababu siku hizi kisa cha Australia husimuliwa kana kwamba taifa zima liliamka asubuhi moja likiwa na kauli moja. Haikuwa hivyo. Watu walizomea, na wanasiasa wa vijijini waliochangia kupitisha sheria walilipia kwa kura.

Sasa fedha. Katiba ya Australia inasema serikali kuu ikitwaa mali ya mtu lazima ifanye hivyo kwa masharti ya haki. Kwa hiyo malipo hayakuwa chambo wala zawadi. Yalikuwa deni la kikatiba. Fedha zilipatikana kwa kupandisha, kwa mwaka mmoja tu, makato ya bima ya afya ya taifa, Medicare, kwa asilimia 0.2 ya kipato. Mlipakodi ambaye hajawahi kushika bunduki alimlipa jirani yake aisalimishe ya kwake. Kufikia mwisho wa zoezi mwaka 1997, bunduki zaidi ya 640,000 zilikuwa zimekusanywa na kuharibiwa, na inakadiriwa hiyo ilikuwa kama moja ya tano ya zote zilizokuwa nchini.

New Zealand ilipita njia hiyohiyo baada ya watu 51 kuuawa katika misikiti miwili ya Christchurch tarehe 15 Machi 2019. Bunge lilipitisha marufuku tarehe 10 Aprili kwa kura 119 dhidi ya moja. Zoezi la kwanza la ukusanyaji lilifanyika Julai kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Riccarton, mjini Christchurch penyewe. Mtu alifika na bunduki yake, polisi wakaikagua kama haina risasi, wakaangalia aina yake kwenye orodha ya bei iliyotangazwa mapema, wakapima uchakavu wake. Bunduki iliyo kama mpya ililipwa hadi asilimia 95 ya bei ya msingi. Iliyochoka sana, asilimia 25. Fedha iliingizwa benki, na bunduki ikapelekwa kwenye mashine ya kukandamiza chuma, mtutu ukapindwa papo hapo. Siku hiyo watu 169 walileta bunduki 224 na kulipwa zaidi ya dola 430,000 za nchi hiyo. Kulikuwa na walionung'unika kwamba bei haikutosha. Hata hivyo walileta, kwa sababu baada ya tarehe 20 Desemba kubaki nayo kungekuwa kosa la jinai.

Uingereza, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane, Scotland, Machi 1996, iliharamisha bastola kwa namna hiyohiyo na kuwalipa waliozisalimisha.

Ukivuka kwenda Marekani, jina ni lilelile lakini kitu chenyewe ni kingine. Pale hufanywa na jiji, polisi wa kaunti au kanisa, siku moja ya Jumamosi, na anayeleta hupewa kadi ya manunuzi ya dola 100 au 200 bila kuulizwa bunduki ilitoka wapi. Baltimore ilijaribu mapema, mwaka 1974, kwa dola 50 kila bunduki, na zikaletwa zaidi ya 13,000. Tatizo ni nani anayekuja. Anakuja mjane aliyekuta bastola ya marehemu kabatini, anakuja mzee mwenye bunduki yenye kutu isiyolia. Kijana wa genge anayeiona bastola yake kuwa ndiyo uhai wake haji kuibadilisha kwa kadi ya dukani. Mwaka 2022 mjini Utica, jimbo la New York, mtu mmoja alitengeneza vipande vya bunduki kwa printa ya 3D, mashine inayounda vitu kwa plastiki, akavibeba hadi kwenye zoezi la serikali na kuondoka na kadi za dola 21,000. Mtu anaweza kumcheka, lakini alikuwa ameisoma kanuni kuliko walioiandika: pasipo marufuku, serikali ni mnunuzi tu sokoni, na soko humletea mnunuzi kile anacholipia.

Ndiyo maana tafiti nyingi za mipango ya hiari ya miji ya Marekani hazikuona uhalifu ukipungua kwa sababu yake. Nadhani si haki kuzichukua tafiti hizo kuwa hukumu dhidi ya mpango wa lazima. Wala si haki kuichukua Australia kama ushahidi kwamba kadi za dola 100 zitafanya kazi Chicago. Marekani ina bunduki za raia zinazokadiriwa kufikia milioni 393, kwa hesabu ya shirika la Small Arms Survey ya mwaka 2017, yaani zaidi ya idadi ya watu wake. Haina daftari la taifa la nani anamiliki nini, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwa na bunduki nyumbani kwa kujilinda ni haki ya mtu binafsi chini ya Katiba. Sababu ambayo Australia iliikataa kwenye fomu ya leseni, Marekani inailinda kikatiba. Mwanasiasa Beto O'Rourke alipotamka waziwazi mwaka 2019, akiwania kuteuliwa kugombea urais, kwamba bunduki za nusu-otomatiki za aina ya AR-15 zitachukuliwa kwa lazima, wapinzani walifurahi kuliko wafuasi wake.

Je, Australia yenyewe ilifanikiwa? Vifo vya bunduki vilikuwa vinapungua hata kabla ya 1996, na hoja hiyo ya wapinzani ni ya kweli. Baada ya hapo vilipungua kwa kasi zaidi, hasa vya kujiua. Wachumi Andrew Leigh na Christine Neill walionyesha mwaka 2010 kwamba majimbo yaliyokusanya bunduki nyingi zaidi kwa idadi ya watu ndiyo yaliyoshuhudia vifo vya kujiua kwa bunduki vikishuka zaidi. Hili husahaulika: mpango ulizaliwa kwa sababu ya mauaji ya halaiki, lakini waliookolewa wengi pengine ni watu ambao usiku mmoja mbaya hawakuikuta bunduki chumbani.

Afrika Mashariki tunaijua zaidi kampeni ya msamaha: Jeshi la Polisi Tanzania hutangaza muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, ukaipeleka kituoni au kwa mtendaji bila kushtakiwa, bila malipo. Hiyo si kununua, kwa sababu silaha haramu haina mwenye haki ya fidia. Ila Uganda ilijaribu kitu cha katikati huko Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini mashariki mwa nchi, kuanzia Desemba 2001. Aliyeleta bunduki alipewa jembe la kukokotwa na ng'ombe na mabati. Maelfu ya bunduki yaliletwa. Kisha jeshi lililopaswa kuwalinda likahamishiwa kaskazini kupambana na waasi wa LRA, na waliosalimisha, hasa Wabokora, mojawapo ya makundi ya Wakaramojong, wakajikuta mikono mitupu mbele ya majirani ambao hawakusalimisha. Ng'ombe waliporwa, na watu wakatafuta bunduki upya. Pale bunduki ilikuwa ikifanya kazi ambayo serikali haikuifanya, na mabati hayalindi zizi.

Australia imerudi kwenye jambo hilihili. Tarehe 14 Desemba 2025 watu 15 waliuawa kwa risasi ufukweni Bondi, Sydney, katika sherehe ya Kiyahudi ya Hanukkah, na mmoja wa washambuliaji alikuwa na leseni na bunduki sita kwa jina lake. Sheria ya 1996 iliuliza bunduki ni ya aina gani na mwenyewe anaitakia nini. Haikuweka kikomo cha taifa cha idadi. Kwa miaka mingi raia wakanunua za aina zilizoruhusiwa hadi nchi ikawa na zaidi ya milioni nne, nyingi kuliko kabla ya Port Arthur. Siku chache baada ya Bondi, Waziri Mkuu Anthony Albanese alitangaza mpango mpya wa kununua, na bunge la New South Wales likaweka kikomo cha bunduki nne kwa mwenye leseni wa kawaida na kumi kwa mkulima. Serikali kuu ilitaka majimbo yachangie nusu ya gharama. Baadhi yakagoma.