Tansio (presha ya damu): maswali tunayoulizwa Bukavu

Mama alipimwa akaambiwa ana 16 kwa 10. Mashine ya jirani inaandika 160/100. Tuamini ipi?
Zote zinasema kitu kimoja. Waganga wetu husoma kwa sentimita, mashine kwa milimita. Namba ya kwanza ni msukumo wa damu moyo unapojikaza, ya pili unapolegea. Ikifika 14 kwa 9 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni tansio ya juu. Mama asikae na 16 kwa 10 yake. Arudi kupimwa wiki hii.

Mbona sisikii kitu? Hata kichwa hakiniumi.
Wengi hawasikii lolote kwa miaka, huku mishipa ya damu ikikakamaa, moyo ukielemewa, figo na macho yakiharibika. Karibu nusu ya wenye tansio duniani hawajui kama wanayo. Kichwa kikiuma, huenda ni malaria tu, au redio ya jirani.

Nilipanda Kadutu kwa miguu hadi kituo cha afya, wakanipima palepale, ikatoka juu.
Nani angepanda mlima ule isitoke juu? Kaa kwanza dakika 5, uegemee, miguu yote chini, mkono mezani usawa wa moyo, usiongee. Mkojo ukikubana, kojoa kwanza. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Muguzi akiwa na haraka, mwombe arudie kipimo. Si kukosa adabu.

Natembea kila siku. Tansio itanipatia wapi?
Kutembea kunasaidia kweli, ila hakufuti chumvi, pombe, umri wala ukoo. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyo ndani ya Maggi ya sombe (majani ya muhogo) na ndani ya makayabu, yaani samaki wa chumvi. Makayabu yaloweke usiku kucha, ubadilishe maji mara kadhaa.

Nikipanda mlima kigimbi kinabana, nikisimama kinaacha. Ni uzee?
Usiseme uzee kabla ya kupimwa. Huenda mishipa inayopeleka damu mguuni imekuwa myembamba, hasa kwa mvuta sigara au mwenye kisukari. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo: damu inaweza kuwa imeganda ndani.

Dawa imenishusha hadi 12 kwa 8. Niache?
Hapana, papa. Imeshuka kwa sababu unakunywa. Kidonge kama amlodipini kinashusha tansio, hakiondoi ugonjwa. Najua kidonge kinagombania pesa na minerval (karo ya shule) ya watoto. Basi mwambie daktari akutafutie cha bei nafuu, kuliko kunywa leo na kuruka siku mbili. Miguu ikivimba, mwambie pia. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo unayojinunulia farmasi, nayo hupandisha tansio. Kitunguu saumu kula, lakini kidonge kibaki.

Na mjamzito?
Apimwe kila kliniki. Baada ya wiki 20, kichwa kikali, macho kuona ukungu au maumivu chini ya kifua ni safari ya hospitali, hata usiku.

Mtu akipooza ghafla tufanye nini?
Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki: tazama saa dalili ilipoanza, maana daktari ataiuliza. Usimpe maji, chakula, wala kidonge chake cha tansio. Tafuta gari.