Kope kuwasha si dalili ya uchafu
Mombasa, mtu akiamka kope zinawasha na zimeota magamba, huambiwa hanawi vizuri. Si kweli, na maneno hayo huwaumiza watu bure. Chanzo kimoja cha kawaida ni utitiri aitwaye Demodex, mdudu wa miguu minane, urefu wake milimita 0.3 hivi, anayeishi ndani ya vishimo vya nywele za kope na za uso. Watu wazima wengi wanaye na hawadhuriki. Shida huja wadudu wakizidi: kope huvimba, ngozi ya mashavu na pua huwa nyekundu na kutoa vipele.

Angalia shina la unywele wa kope. Gamba jeupe lililouzunguka kama soksi ndiyo alama yenyewe.

Ukiosha kope kwa maji ya chumvi tu, hayamfikii mdudu shimoni. Kanda kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, kisha safisha mashina kwa dawa ya kope yenye mafuta ya mti wa chai. Mafuta hayo matupu usiyatie kamwe, huunguza jicho. Endelea wiki 6 hivi: yai huwa mdudu mzima kwa takriban wiki 2, kwa hivyo ukiacha mapema wanarudi. Wanja msiazimane. Jicho likiuma au uoni ukififia, nenda kwa daktari wa macho.