“Kaka, weka tu ile ya bure”: dhana potofu kuhusu ramani za kwenye tovuti

Natengeneza tovuti za kampuni za utalii na hoteli za Arusha, na chache za Moshi. Kazi ikifika kwenye ukurasa wa ramani, kabla sijafungua mdomo mteja ameshanimalizia: “Kaka, hapo weka tu ile ya bure.” Juzi nimeambiwa hivyo na mtu ambaye ramani yake ilikuwa imeshazimwa, na imezimwa kwa sababu ya hiyo hiyo ya bure. Naandika ili safari ijayo nitume kiungo nipumzike na ubishi.

“OpenStreetMap ni bure kabisa, haina masharti”

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana nusu yake ni kweli, na nusu-kweli ni ngumu kuing’oa. OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea.

Ramani unayoiona kwenye ukurasa imeundwa na vitu vinne. Kuna data: barabara ya Ngaramtoni ilivyopinda, jina la mto, mpaka wa hifadhi. Kuna vigae, yaani vile vipicha vya mraba vya pikseli 256 kwa 256 vinavyochorwa kutokana na data hiyo. Kuna maktaba ya JavaScript, kama Leaflet, inayovipanga kwenye skrini na kukuwezesha kusogeza na kukuza. Halafu kuna seva inayovituma vigae kila mtu anapofungua ukurasa. Kila kimoja kina mwenyewe na masharti yake.

Data ya OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza mwaka 2004, iko chini ya ODbL, leseni huria ya hazina za data, tangu Septemba 2012. Unaitumia kibiashara bila kulipa hata senti, mradi utaje chanzo. Leaflet nayo ni programu huria yenye leseni ya BSD. Mpaka hapo mteja wangu yuko sahihi.

Sasa njoo kwenye vigae. Anwani ya tile.openstreetmap.org, ile ambayo kila somo la YouTube linakwambia uinakili, inakwenda kwenye seva zinazoendeshwa kwa michango. Kiwango cha ukuzaji kikiwa 0, dunia nzima inaenea kwenye kigae kimoja. Kila hatua inazidisha idadi mara nne, na ukifika 18 vigae ni zaidi ya bilioni 68. Hakuna anayevichora vyote mapema. Vya ukuzaji wa juu vinachorwa pale mtu anapoviomba, na kazi hiyo inakula seva na umeme. Kupewa mahindi bure hakumlazimishi mwenye mashine akusagie bure.

Ndiyo maana seva hizo zina sera ya matumizi, na sera yenyewe haina mafumbo. Lazima chanzo kionekane kwenye ramani. Hairuhusiwi kupakua vigae kwa wingi ili uvitumie nje ya mtandao. Biashara haijakatazwa kuzitumia, ila imeambiwa wazi kwamba huduma inaweza kuondolewa wakati wowote, na anayezilemea anaweza kufungiwa bila taarifa. Mwenye kampuni anayetegemea ramani ili mgeni aone njia ya Lemosho ya kupandia Kilimanjaro inaanzia wapi, amejenga juu ya huduma ambayo wenyewe wamemwambia asiitegemee.

Kuna mtego mwingine mdogo unaowapiga watu wengi. Seva zile zinataka kivinjari kitaje ombi limetoka tovuti gani, kupitia kichwa cha HTTP kinachoitwa Referer. Programu-jalizi nyingi za ulinzi kwenye WordPress zinaweka sera ya kuficha taarifa hiyo. Matokeo yake, badala ya mtaa wa Sakina unaona miraba imejipanga kama sakafu, kila mmoja una maandishi ya kukataliwa. Mteja ananipigia: “Mtandao wenu leo uko chini.” Mtandao hauna kosa. Fungua dirisha la mtandao kwenye zana za kivinjari, utaona 403, yaani ombi limekataliwa, zimepangana. Weka Referrer-Policy iwe strict-origin-when-cross-origin, ndiyo thamani ya kawaida ya vivinjari vyenyewe, na vigae vinarudi.

Na hili la kutaja chanzo! Mbunifu anakuja, anaona yale maandishi madogo ya OpenStreetMap kwenye kona ya chini kulia, anaandika mstari mmoja wa CSS, ile lugha ya kupamba ukurasa, kuyaficha kwa sababu “yanaharibu muonekano.” Ndugu yangu, umepewa barabara, mito na vilele vya nchi nzima, na malipo pekee uliyodaiwa ni mstari mmoja wa maandishi madogo. Huo nao umekushinda?

Ufanye nini basi? Ukitaka usisumbuke, lipia kampuni inayotoa vigae vilivyochorwa kwa data hiyo hiyo, kama MapTiler, Thunderforest au Stadia Maps. Soma kifurushi chao cha bure kabla hujakikimbilia, kwa sababu mara nyingi ni cha matumizi yasiyo ya kibiashara, na kuuza safari ya Ngorongoro ni biashara hata ukiandika “Karibu sana” kwenye ukurasa wa mbele. Vigae vya Stamen, vilivyopendwa sana kwa kivuli cha milima, vilihamia Stadia mwaka 2023 na sasa vinataka akaunti. Bado nakutana na tovuti za kupandisha wageni Kilimanjaro zinazoita anwani ya zamani na kuonyesha kijivu kitupu.

Mimi binafsi napenda njia nyingine, na nitaipigia debe bila aibu: PMTiles. Vigae vyote vya eneo lako vinakaa ndani ya faili moja unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe. Kivinjari kinaomba kipande kinachohitajika tu, na MapLibre, maktaba ya JavaScript kama Leaflet, inachora. Zana ya mradi wa Protomaps inakukatia eneo kwa mipaka ya latitudo na longitudo. Kampuni inayouza Serengeti na Kilimanjaro haina haja ya kubeba Brazil. Hakikisha tu seva yako inakubali kutoa faili kwa vipande, kwa sababu baadhi ya seva za bei poa zinatoa faili nzima kila mara, na hapo ramani inagoma kufunguka. Kutaja chanzo kuko pale pale.

“Google ni bure, mbona kwenye simu silipi?”

Kwenye simu wewe ni mtumiaji wa programu yao. Kwenye tovuti wewe ni mteja wa huduma yao kwa wasanidi. Tangu katikati ya 2018 wanataka ufunguo wa API, yaani namba ndefu inayowatambulisha akaunti yako, na akaunti yenyewe iwe na kadi ya malipo. Lile salio la bure la dola 200 kwa mwezi ambalo watu bado wananitajia lilifutwa Machi 2025. Siku hizi kila huduma ina kiasi chake cha bure. Ramani ya JavaScript inayosogezwa inapewa mara 10,000 kwa mwezi, na baada ya hapo ni dola 7 kwa kila 1,000. Inahesabiwa ramani inapofunguka. Kusogeza na kukuza hakuongezi.

Piga hesabu. Ukiweka ramani chini ya kila ukurasa, kila ukurasa unaofunguliwa ni hesabu. Zikifika 25,000 kwa mwezi, umelipia 15,000, yaani dola 105, kwa ramani ambayo wengi hawakuteremka hata kuiona. Weka picha kwanza, ramani ifunguke mtu akibofya. Inaokoa hela, na inaokoa bando la anayekufungua kwa simu.

Kama unachotaka ni alama moja ya hoteli tu, ingia Google Maps, bonyeza kushiriki, chagua kupachika, nakili ile fremu. Haina ufunguo, haina malipo. Usinakili anwani ya juu ya kivinjari ukaitia kwenye fremu, itakataa. Nusu ya wateja wangu hawahitaji zaidi ya hiyo fremu, na nawaambia hivyo hata kama kwangu ni hasara.

Ukiona ramani imefifia, imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ya majaribio tu, hujadukuliwa. Malipo hayajawashwa, au kadi imekwisha muda. Na kadi zina tabia ya kwisha muda Julai, wageni wakiwa wamejaa.

“Ufunguo wa API ni siri, umefichwa ndani ya msimbo”

Umefichwa wapi? Bofya kitufe cha kulia, tazama chanzo cha ukurasa, huo hapo. Ufunguo wa ramani ya kivinjari lazima uonekane. Ulinzi wake ni kuufungia domeini yako na huduma unazotumia tu. Halafu weka kikomo cha maombi kwa siku, kwa sababu tahadhari ya bajeti inakutumia barua pepe tu, haisimamishi matumizi. Nimemkuta mwenzetu mmoja anatumia ufunguo mmoja kwa wateja wake wote, bila kizuizi chochote. Sikusema kitu mbele ya mteja, lakini nilitamani.

“Tuvute orodha ya lodge zote za Karatu kutoka Google, tuziweke kwenye ramani yetu”

Hapana. Masharti yao yanakataza kukomba data yao na kujijengea hazina yako. Latitudo na longitudo unaruhusiwa kuzihifadhi kwa muda usiozidi siku 30. Kitambulisho cha mahali ndicho unachoweza kukaa nacho bila kikomo. Na matokeo ya utafutaji wao wa mahali hayawekwi juu ya ramani ya mtu mwingine.

“Njia nimeichora mwenyewe juu ya setilaiti ya Google, kwa hiyo ni yangu”

Kunakili kwa kuchora juu ya picha zao kumekatazwa pia, na OpenStreetMap hawaipokei kazi ya namna hiyo. Wanaochora OpenStreetMap hutumia picha walizoruhusiwa, kama za Bing tangu 2010. Lakini kwa nini uchore? Una waongoza wageni wanaopanda Machame kila wiki. Mpe mmoja simu yenye programu ya kurekodi GPS, ashuke na faili la GPX, lenye njia yote aliyopita. Hiyo ndiyo yako, na ni sahihi kuliko mstari uliochorwa ofisini Njiro.

“Nikitumia OpenStreetMap, data yangu yote inakuwa ya umma”

Kambi zako ulizopima mwenyewe, zikikaa kama tabaka la peke yake juu ya ramani, zinabaki zako. Ukichukua njia za OpenStreetMap ukazirekebisha, ukachanganya na zako kuwa hazina moja na kuitumia hadharani, hapo hazina hiyo inafuata leseni yao. Orodha ya wageni wako haihusiki kabisa, punguza presha.

“Si unapiga tu picha ya skrini?”

Picha ya skrini haiondoi hakimiliki, na kukata jina la mwenye ramani kwenye kona kunaongeza kosa juu ya kosa.

“Ramani yenu imekosea, hoteli yangu ipo baharini”

Ramani haijakosea, namba zimegeuzwa. Katikati ya Arusha ni takriban latitudo -3.37, longitudo 36.68. Leaflet inataka latitudo kwanza. GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, kwa mujibu wa waraka wake wa viwango, RFC 7946 ya mwaka 2016, inataka longitudo kwanza, na MapLibre vile vile. Ukizigeuza, hoteli inaogelea kwenye Mediterania, karibu kabisa na pwani ya kusini ya Uhispania. Ukisahau alama ya kutoa, imehamia nyikani kaskazini mwa Kenya, mashariki mwa Ziwa Turkana.

Kosa la tatu halionekani haraka. Mtu ana nyuzi 3 na dakika 22 kusini, anaandika -3.22. Dakika hugawanywa kwa 60, kwa hiyo ni -3.367. Tofauti ni kilomita 16 hivi, na hoteli imekwea upande wa magharibi wa Mlima Meru. Hii hakuna anayeishtukia mpaka dereva wa mgeni apotee, kwa kuwa alama bado ipo Arusha.

Basi ukiwa unanitumia mahali ulipo, simama getini kwako, washa GPS ya simu, nakili zile namba mbili na alama yake ya kutoa, zitume kama maandishi. Usinitumie picha ya namba.